Mji Uliojengwa Dirishani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, wasichana watatu waliopanga nyumba ya uani kwa Mama Cherehani waligombania beseni moja la kuogea. Mara nyingi mshindi alikuwa Mkaguzi. Hakuwa na nguvu kuliko wenzake, ila yeye ndiye aliyepanga zamu za nyumba nzima, na katika kupanga zamu hakuwahi kujisahau.

"Ramani, leo wewe ni wa tatu," alisema siku hiyo, taulo begani.

"Jana nilikuwa wa tatu. Na juzi."

"Basi umeshazoea."

Redio alikuwa amechuchumaa mlangoni akipepea jiko. Aliinua mwiko mbele ya mdomo kama kipaza sauti. "Habari kwa ufupi. Mwanafunzi mmoja amechelewa shule leo kwa kugombania beseni na mwenzake. Mashuhuda wanasema maji yenyewe yalikuwa ya baridi."

Wote walicheka, na Ramani akaoga wa tatu.

Shule yao haikuwa na bweni, kwa hiyo wanafunzi waliotoka mbali walipanga vyumba mtaani. Nyumba ya wasichana hawa ilikuwa na vyumba viwili. Cha kulala kilikuwa na vitanda vitatu vilivyobanana kiasi kwamba mmoja akigeuka wenzake wanajua, na tundu dogo la hewa karibu na dari. Cha mbele kilikuwa na meza moja na dirisha moja. Mama Cherehani aliishi nyumba kubwa iliyotazama barabara, na mlio wa cherehani yake ulisikika uani tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa mwenye nyumba, lakini wao walimwita mama tu, naye aliwaita wanangu, hasa anapotaka kuwagombeza.

Majina yao ya kweli yalibaki shuleni. Mkaguzi aliitwa hivyo kwa sababu hakuna sufuria lililooshwa katika nyumba ile ambalo hakulipindua na kulitazama chini. Redio aliitwa hivyo kwa sababu hakunyamaza. Alipika akisoma habari, alifua akisoma habari, na habari zenyewe nyingi alizitunga. Alikuwa na kifua chepesi tangu utotoni, lakini kifua hicho hakikumzuia kuimba.

Na Ramani aliitwa Ramani kwa sababu ya kuchora nyumba. Kurasa za nyuma za daftari la hesabu alichora ngazi. Akingoja zamu ya bomba, alichora mtaro kwa kijiti mchangani, akaweka daraja juu yake, akaonyesha watu wapite wapi na maji yapite wapi. Wenzake darasani walipotaka kuwa madaktari na marubani, yeye alisema anataka kuwa msanifu wa majengo. Mwalimu alimwuliza amelitoa wapi neno hilo. Alijibu, "Kwa baba."

Baba yake alikuwa fundi mwashi. Aliondoka nyumbani Ramani akiwa darasa la nne, akaenda kujenga maghorofa kwenye jiji kubwa lililo mbali sana, na tangu hapo alirudi mara moja tu, kwa ajili ya msiba wa bibi. Mama alibaki kijijini na mdogo wao. Ramani alimpenda mama yake na kumkumbuka kama mtoto yeyote anavyomkumbuka mama. Lakini kumkumbuka baba kulikuwa kitu kingine. Kulimkaa kifuani kutwa, hata akiwa anacheka.

Jumapili alasiri ilikuwa siku yao. Baba alipiga kwenye simu ya Mama Cherehani, naye Ramani alikaa kwenye ngazi ya nyuma, simu imebanwa sikioni kama vile mtu angeipokonya.

"Leo tumemwaga zege la ghorofa ya saba," baba alisema Jumapili moja. "Mwanangu, ukisimama huku juu, magari yanakuwa kama punje za mahindi."

"Na mbele yako kuna nini?"

"Mbele kuna daraja linalopita juu ya reli. Kushoto kuna jengo la vioo vitupu. Wingu likipita mbinguni, linapita na kwenye jengo."

Simu ilipokatika, Ramani alikimbilia meza ya chumba cha mbele na kujenga alichosikia. Alijenga kwa maboksi ya viatu na ya viberiti, akagundisha kwa uji mzito wa unga. Meza aliisogeza hadi chini ya dirisha, na majengo marefu akayaegemeza kwenye fremu yake. Katikati alisimamisha refu kuliko yote, akaliita Ghorofa la Baba. Kule juu kabisa alichora kidirisha kimoja kwa kalamu nyekundu. Mle ndimo baba alimolala, kwa mawazo yake. Jioni, kabla ya kwenda kulala, alikitazama kidirisha hicho, na hapo tu ndipo alipoweza kufumba macho.

Dirisha la nyumba lilikuwa la mbao lenye vioo viwili, nalo lilifunguka kwa ndani. Masika yalipofika, mbao zilivimba kwa unyevu na dirisha likakwama kabisa. Mkaguzi alilivuta, Redio alilivuta, wote watatu walilivuta kwa pamoja hadi wakaanguka wakicheka, na dirisha halikujali. Waliacha. Na kwa kuwa ua ulijaa tope, waliingiza jiko la mkaa chumba cha mbele na kupikia pembeni ya mlango.

Mvua ziliisha, tope likakauka, ukaja upepo wa kiangazi wenye vumbi. Jiko lilibaki ndani. Redio alisema nje upepo unakula mkaa upesi, Mkaguzi akasema vumbi linaingia kwenye chakula, na mtu akishazoea kupika akiwa amekaa kwenye kigoda hatua chache tu kutoka kitandani, si rahisi kumtoa uani.

Siku moja Ramani alirudi mapema, akawa anagundisha paa. Alipoegemeza mkono kwenye dirisha, likalegea. Mbao zilikuwa zimekauka na kurudi saizi yake. Upepo uliingia mara moja, ukaangusha Ghorofa la Baba na majengo mawili ya jirani.

Ramani alilisukuma dirisha haraka likafungika. Alikaa akilitazama. Alielewa vizuri kwamba dirisha likifunguliwa, meza lazima iondoke, na hakukuwa na mahali pengine popote pa kuuweka mji. Katika sanduku lake kulikuwa na kipande cha waya wa kufungia nondo, ambacho baba alikiacha nyumbani. Alikizungusha kwenye kitasa cha dirisha na kwenye msumari wa fremu, akakisokota kwa nguvu, kisha akasimamisha ghorofa mbele yake. Waya haukuonekana.

Jioni Mkaguzi alikohoa akauliza, "Hivi lile dirisha bado?"

"Bado limekwama," alisema Ramani.

Lilikuwa neno dogo, na kesho yake hakuna aliyeuliza tena. Wiki zilizofuata Mkaguzi alianza kuumwa kichwa kila jioni, akalaumu aljebra. Ramani alisinzia kwenye vipindi vya asubuhi. Redio alifupisha taarifa zake za habari, akasema vumbi la mtaa huu halimpendi. Kila mmoja alipata sababu yake.

Jumamosi moja upepo ulivuma tangu asubuhi na vumbi likawa halimruhusu mtu kufumbua macho. Kupika ilikuwa zamu ya Ramani, tena maharage, chakula kisicho na haraka. Lakini daraja la reli lilikuwa limebakiza nguzo moja tu kukamilika, na kesho yake ilikuwa Jumapili.

"Redio, nipikie leo. Nitakulipa zamu mbili."

"Sitaki zamu. Niwekee kituo cha redio kwenye mji wako, chenye mnara."

"Nitakuwekea."

Mkaguzi alichukua ndoo akaenda bombani. Redio alifunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa khanga ili vumbi lisiingie, akasogeza kigoda karibu na jiko. Ramani alikaa mezani akigundisha nguzo. Nyuma yake alisikia habari za mchezo, kisha hali ya hewa. Kichwa kilianza kumwuma, akadhani ni kwa kukodoa macho. Baadaye aligundua kwamba habari zimekatika katikati ya sentensi. Alitaka kugeuka aulize kulikoni, lakini shingo ilikuwa nzito, na alisikia usingizi wa ajabu.

Mkaguzi alipofungua mlango, alimkuta Redio amelalia gunia la mkaa, mdomo umebadilika rangi, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Mkaguzi alitupa ndoo, akamshika Redio kwapani, akamburuta hadi uani. Ramani alitoka akitambaa.

"Mama," Mkaguzi aliita. "Mama, njoo. Redio hapumui vizuri."

Mama Cherehani alitoka na utepe wa kupimia shingoni. Alimlegeza Redio nguo, akamkalisha upande wa upepo bila kujali vumbi, na dakika chache baadaye walikuwa kwenye pikipiki mbili kuelekea zahanati.

Daktari alimwekea Redio hewa ya mtungi, akakaa naye hadi midomo iliporudi rangi yake. Kisha akawageukia wengine.

"Mlikuwa mnapikia ndani?"

"Ndiyo, daktari," alisema Mkaguzi.

"Kwa mkaa, na mlango mmeufunga. Dirisha je?"

"Lipo moja. Limekwama tangu masika. Tulijaribu sana."

Daktari alimtazama Mama Cherehani. Mama Cherehani alijitazama viatu. "Hawakuniambia," alisema.

"Sikilizeni, wanangu," daktari alisema. "Moshi mnaouona una afadhali, kwa sababu unawatoa machozi mkatoka nje. Mkaa uliokolea una hewa nyingine, yenye sumu. Haina rangi, haina harufu. Inakuumiza kichwa, inakuletea usingizi, na wengi wakilala hivyo hawaamki. Mwenzenu ana kifua chepesi, ndiyo maana ameanguka wa kwanza. Mlango ungefunguliwa baadaye kidogo, tungekuwa tunaongea mengine."

Ramani alisikia kila neno. Habari ya waya ilimfika mdomoni. Akainama, akakwangua uji uliokauka vidoleni.

Jumatatu mjomba wake Redio alifika. Alikuwa dereva wa lori, mtu mpana mwenye sauti ya kuongea na watu walio mbali. Aliingia chumba cha mbele, akanyoosha mkono juu ya mji wa maboksi, akalivuta dirisha kwa ukingo wa juu likakataa, akatoka.

"Nyumba isiyo na dirisha ni ghala," alimwambia Mama Cherehani uani, na majirani wakisikia. "Mpwa wangu si gunia."

"Baba, nilipowapangisha lilikuwa linafunguka," alisema Mama Cherehani kwa upole.

"Sasa linafunguka?"

Mjomba alikunja godoro la mpwa wake. Kwao hakukuwa na sekondari ya karibu. Redio angekaa nyumbani mpaka mwaka ujao, atafutiwe nafasi kwingine, ikipatikana. Redio alipanda lori bila kutangaza chochote. Aliwapungia tu, na Ramani akainua mkono ambao haukutaka kuinuka.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa kubwa kupita kiasi. Jiko walilitoa nje, wakapika kwenye upepo huku wakilikinga kwa miili yao. Ramani alijiambia kwamba jiko limeshatoka, kwa hiyo dirisha halina tena la kudhuru, na mambo yamekwisha. Lakini asubuhi hakukuwa na wa kugombania beseni, na jioni Mkaguzi alipika kimya. Kitanda cha tatu kilikuwa chaga tupu. Zamani aliyemkaa Ramani kifuani alikuwa mtu mmoja. Sasa walikuwa wawili, na huyu wa pili alijua kabisa nani aliyemwondosha.

Jumapili simu ilipolia, aliipokea na kukaa kwenye ngazi yake.

"Mji wako umefika wapi?" baba aliuliza.

"Nimemaliza daraja."

"Safi sana. Na sisi tumefika juu kabisa. Ukisimama pale unaona mpaka jiji linapoishia."

"Baba, kitanda chako kiko upande gani? Mimi nimekuchorea dirisha upande wa jua linapochomoza."

"Kitanda gani?"

"Cha huko juu. Unakolala."

Baba alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha nyingi. "Mwanangu, mle tunajenga tu. Watakaolala mle hatuwajui. Sisi tuko nyuma ya marundo ya mchanga, kwenye banda la mabati. Mwenye kazi alilijenga la kuwekea saruji, na saruji haihitaji dirisha. Tuko mafundi sita. Tulikata tundu kwenye bati, ukubwa wa daftari lako, na tunapokezana kulala karibu nalo. Wiki hii ni zamu yangu. Si unanisikia nilivyochangamka?"

"Mnapokezana hewa?"

"Kama ninyi na beseni lenu."

Alisema kwa mzaha. Usiku wote ambao Ramani alikitazama kile kidirisha chekundu, baba yake alikuwa chini kwenye joto, akingoja zamu ya kupumua. Na yeye mwanawe alikuwa na dirisha zima, akalifunga kwa waya.

"Baba," alisema, akaanza kulia. "Dirisha letu halikukwama. Nimelifunga mimi. Lilikuwa linaangusha mji."

Alimweleza yote. Mwisho baba aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Mama mwenye nyumba yuko?"

"Yuko. Anashona."

"Nenda ukamwambie. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukimaliza, mpe simu niongee naye."

Mama Cherehani alikuwa akipinda gauni. Ramani alipoanza kueleza, miguu ya Mama Cherehani iliendelea kukanyaga cherehani. Alipofika kwenye waya, miguu ilisimama.

"Wiki nzima," Mama Cherehani alisema polepole, "kila ninapopita naulizwa kwa nini napangisha watoto kwenye ghala. Na mimi naomba radhi. Naomba radhi kwa dirisha zima."

"Nisamehe, mama."

"Sijafika huko. Nipe hiyo simu, halafu nenda ukafungue."

Mkaguzi alikuwa ameketi kitandani akifunga nywele. Naye aliambiwa. Hakupiga kelele. Aliachia nywele, akasema, "Nimekagua kila kitu humu ndani. Sikukagua neno lako."

Hakuna tusi ambalo lingemuuma Ramani kuliko hilo. Hata hivyo Mkaguzi alishika upande wa pili wa meza, nao wakaivuta. Daraja lilivunjika katikati, na jengo la vioo likaanguka kifudifudi. Ghorofa la Baba, Ramani alilibeba mwenyewe hadi chumbani, akaliweka kwenye chaga za Redio. Kisha akaufungua waya. Dirisha lilifunguka bila ubishi wowote, na upepo ukaingia na sauti za barabarani, na harufu ya vitambaa vipya kutoka nyumba ya mbele. Walisimama pale wawili, wakipumua.

Kesho yake, kwa simu ya Mama Cherehani, Ramani alimpigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani?"

"Ni Ramani, ninayekaa na Redio. Mjomba, kosa si la Mama Cherehani, na nyumba si mbaya. Dirisha nililifunga mimi, nikasema limekwama. Naomba Redio asikose mwaka kwa ajili yangu."

Huko upande wa pili injini ya lori ilizimwa.

"Na ukinidanganya tena?" mjomba aliuliza.

"Njoo uone kwa macho yako."

"Nitakuja. Na nitakaa mpaka nitosheke."

Mama Cherehani alikuwa bado ananuna, lakini alikuwa mtu wa kushona kilichochanika. Alisema dirisha peke yake halitoshi, maana vumbi litarudi, masika yatarudi, na wasichana nao watarudisha jiko ndani. Panahitajika mahali pa kupikia, penye paa. Alikuwa na mabati ya zamani nyuma ya choo. Alimtupia Ramani kipande cha chaki ya kushonea.

"Si unapenda kujenga? Haya, nichoree jiko. La watu, si la maboksi."

Ramani alichora sakafuni, akafuta, akachora tena. Kwa mara ya kwanza hakuanza na ukuta. Alichukua kigoda, akakiweka uani, akamwomba Mkaguzi akalie kama mpishi. Aliangalia upepo unamjia kutoka wapi, moshi wa jiko unaelekea wapi, na mtu akitoka bombani na ndoo atapita wapi bila kujikwaa. Mkaguzi, ambaye siku mbili alikuwa akimjibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu, alisahau kununa.

"Huku moshi unanijia usoni," alisema. "Geuza."

Basi wakageuza. Kibanda kikawa na kuta mbili tu, upande ambao upepo hutoka, na pande mbili wazi. Paa likainuliwa juu ya kuta, likaacha nafasi ya moshi kutoka. Fundi wa mtaani alisimamisha nguzo, wasichana wakampa misumari, na Mama Cherehani akawa anapita kila saa kuuliza kama kitaanguka.

Mjomba alikuja Jumamosi. Alilisukuma dirisha, akalivuta, akalisukuma tena, kama mtu anayenunua mlango. Kisha akaenda kibandani, akakalia kigoda, akaagiza jiko liwashwe. Alikaa pale mpaka maji yakachemka na chai ikaiva. Alinusa hewa. Alikunywa. Aliomba kikombe cha pili.

"Mama," alimwambia Mama Cherehani, "yale niliyoyasema siku ile, majirani waliyasikia. Na leo nataka wasikie kwamba nilikosea kwako." Aliyasema kwa sauti yake ileile ya lori, na mtaa mzima ukasikia.

Redio alishuka kutoka kwenye lori, ambako alikuwa ameketi muda wote na godoro lake mapajani. Ramani alimwendea, akasimama mbele yake, akakosa pa kuanzia.

"Mjomba ameniambia," alisema Redio. "Na kituo changu hukukijenga."

"Sikukijenga."

"Nilikupikia zamu yako, Ramani."

"Najua. Nisamehe."

Redio alifikiri. Hakuwa mtu wa kufikiri muda mrefu, kwa hiyo kukawia kwake kuliwatisha wote. "Nitakusamehe," alisema mwishoni, "ila si leo. Leo beba godoro. Na wiki hii unapika wewe."

Jumapili alasiri baba alipiga. Ramani alimsimulia kibanda, ukuta kwa ukuta. Alimweleza pia kwamba mji umekunjwa na kuwekwa uvunguni, umebaki Ghorofa la Baba tu, na hata hilo amelitoboa madirisha kwa mkasi.

"Nisikilize, mwanangu," baba alisema. "Nimejenga nyumba nyingi ambazo sitakaa ndani yake hata siku moja, na nimewaona mafundi wengi. Fundi akishalipenda jengo kuliko watu watakaokaa humo, anaanza kudanganya. Kosa analifunika, analipaka rangi, na wenye nyumba ndio wanaoumia. Uzuri wa kazi ni mtu aliye ndani awe salama. Wewe ulikosea, ukasema mwenyewe, na mwenzako amerudi shule. Usiache kujenga. Lakini kila ukishika kalamu, anza kwa kujiuliza nani atalala hapa, na atapumuaje."

"Sawa, baba. Unarudi lini?"

"Jengo hili linaisha. Mwenye kazi anasema kuna lingine."

Alijua jibu litakuwa hilo, na bado lilimuuma kama jipya. Alitaka kumwambia aache yote aje. Badala yake alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akachukua kalamu.

"Baba, una utepe wa kupimia hapo?"

"Fundi akose utepe? Wa nini?"

"Lipime banda lenu. Urefu, upana, mlango uko wapi, upepo unatoka wapi. Na vitanda vyenu vimekaaje."

Ramani alimsikia akiuondoa mdomo kwenye simu na kuwaambia wenzake, "Jamani, binti yangu anataka kutuchorea madirisha." Watu walicheka huko. Kisha kicheko kikaisha, kitu kikaburutwa, na sauti ya mtu mwingine, ya mzee, ikasema, "Mwambie aanze na kona yangu, ndiyo yenye joto."

"Andika," alisema baba. "Upande wa mlango."

Ramani aliandika.